Ukitaka kujifunza uhunzi anza na kulabu, kisu kisubiri

Mwaka jana nilikaa Jumamosi sita kwenye banda la fundi mmoja hapa Tanga, maeneo ya Makorora, najifunza kufua chuma. Tulikuwa wanafunzi wanne, mwanamke mimi peke yangu. Tangu niweke picha ya mbuzi ya nazi niliyoifua mwenyewe watu hawaishi kuniuliza inboksi, dada inataka nguvu kiasi gani, dada nianzie wapi, kwa hiyo leo nimekaa niandike yote kwa pamoja.

Hii ya nguvu kwanza. Si nguvu jamani. Uhunzi ni macho, mkono unafuata. Siku ya kwanza fundi hakutupa nyundo kabisa, alitusimamisha mbele ya moto kila mtu na kipande chake cha nondo, kazi yetu ilikuwa kuingiza, kutoa, kuangalia rangi na kuitaja kwa sauti. Damu ya mzee, hiyo bado, ukiipiga unaumiza mkono bure. Rangi ya chungwa, hapo ndo kazi inaanza, ni kama nyuzi 1000 hivi. Ikienda kwenye manjano ya embe bivu, nyuzi 1100 kuelekea 1200, chuma kinalainika mpaka unaona kinatembea chini ya nyundo. Ukizubaa kikawa cheupe kikaanza kurusha cheche kama fataki basi kinaungua, na kilichoungua hakirudi, unakata ncha unatupa. Nilirudi nyumbani siku ile sijapiga hata nyundo moja na kwa kweli niliona kama nimeliwa hela yangu, ila wiki ya pili ndo nilielewa, maana wenzetu waliojiunga Jumamosi ya pili walikuwa wanapiga chuma kilichopoa wanatoka jasho wanauliza mbona hakiendi. Mzee, yaani fundi wetu, akawa anawaambia, "Mwanangu, hapo unapiga jiwe."

Na rangi hizi juani huzioni. Hili niliandike kwa nguvu kwa sababu huku kwetu mtu akitaka kufanya kazi ya moto anatoka uani kwenye hewa, jua la Tanga la saa tano unatoa chuma chekundu kabisa machoni kinaonekana cheusi, unakirudisha, unakiunguza. Tafuta banda lenye kivuli kizito. Sisi tulikuwa tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mpaka saa nne tumemaliza.

Hiyo hiyo ya rangi ndo iliyoniunguza. Wiki ya tatu nilikata kipande, kikaanguka chini, nikaendelea na mengine, baada ya dakika kadhaa nikakiokota kwa vidole. Kilikuwa cheusi, nikajua kimepoa. Chuma kikishapoteza wekundu bado kinaweza kuwa na nyuzi 400 na huoni chochote. Vidole viwili viliota malengelenge, wiki nzima napika kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo zoea hivi: usishike kitu chochote bandani kabla hujapitisha mgongo wa mkono juu yake kwa mbali usikie joto, hata kama unajua ni cha jana.

Dada zangu, mavazi. Mtandio wa poliesta, dera la kuteleza, soksi za nailoni, acha nyumbani, cheche ikitua kitambaa cha namna ile kinayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Mimi nilivaa suruali ya jinzi, shati la pamba la mikono mirefu na kichwani kilemba cha kanga ya pamba nimefunga ncha zote ndani. Viatu vya ngozi vya kufunika, na jinzi ishuke juu ya kiatu, usiichomeke ndani, magamba ya moto yakidondoka yasiingie. Miwani ya kazi lazima. Na usije ukaingiza motoni bomba jeupe la chuma la maji au kitu chochote chenye ngozi ya zinki, zinki inachemka nyuzi 907 na moto wetu unapita hapo, ule moshi mweupe ukiuvuta jioni unapata homa na kutetemeka, utaenda kupima malaria na malaria huna.

Sasa kazi yenyewe. Kila kijana anakuja anataka kisu, wawili kati yetu walisema panga. Anza na kulabu, ile ya kutundikia ndoo au taa. Inaonekana ndogo lakini ndani yake mna kuchonga ncha, kupinda, kukunja, kusokota, karibu nusu ya uhunzi wote. Ncha peke yake ilinila Jumamosi nzima. Mimi nilikuwa naizungusha nondo huku nagonga ili itoke duara moja kwa moja, kila nikifika mwisho ncha inapasuka katikati kama mswaki wa mti. Mzee akaniangalia tu, halafu akachukua ya kwake, akaipiga upande, akageuza robo, akapiga, mpaka ikawa mraba mkali, ndefu, imekamilika kwa mraba wake. Ndo akaanza kugonga zile kona nne zikawa pembe nane, na mwisho kwa vigongo vyepesi kabisa, tik tik tik, ikawa duara. Mraba, pembe nane, duara. Ukiruka mraba chuma cha juu kinatembea, cha ndani kinabaki, ndo hapo kinapasuka. Nilifanya tatu zikaharibika, ya nne ikakaa, na sauti yake ilikuwa tofauti, sijui nielezeje, nyundo ilikuwa kama inaimba.

Halafu nilivyokuwa narudi nyumbani nikawa nawaza, sisi watu wa pwani tunafua nguo, tunafua nazi na tunafua chuma, neno ni moja. Nazi huipigi popote, unaichoma kwenye ncha ya kifuo pale panapokubali halafu unapinda. Chuma nacho kina pale panapokubali. Na kazi hii si ngeni kwetu jamani, hapo Upareni ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi vizazi na vizazi na majembe na mikuki ya chuma cha Upare ilifika mpaka Uchagani.

Vifaa usikimbilie kununua. Nyundo ya kilo moja inatosha, wale walioleta kubwa walichoka saa ya kwanza wakaanza kukosea. Fuawe letu, yaani pale pa kupigia chuma, lilikuwa kipande cha reli kimefungwa kwenye gogo, urefu wake ukisimama ngumi yako iguse juu, likiwa fupi mgongo utakuua. Mji wetu ni wa reli tangu 1893 kwa hiyo vipande vinazunguka, ila nunua kwa muuzaji wa chuma chakavu mwenye risiti, kukutwa na reli isiyoeleweka ni kesi kubwa. Jiko letu ni dramu la breki la lori na feni ya kuzungusha kwa mkono. Mkaa uvunje vipande vya yai la kuku, mikubwa inaacha matundu na upepo unapita bure.

Kisu kitakuja, na hapo nondo haifai maana haishiki ugumu, tafuta bapa la springi ya gari. Kujua kimefika joto la kukizamisha ili kiwe kigumu usitegemee jicho peke yake, weka sumaku pembeni: chuma kikifika nyuzi 770 hivi sumaku haikishiki tena, ongeza kidogo tu, kizamishe kwenye mafuta ya alizeti ya vuguvugu, si maji, kwenye maji springi inaweza kupasuka. Kikitoka ni kigumu ila kinavunjika kama kioo, lazima ukirudishe kwenye moto mdogo nyuzi 200 na kitu mpaka kipate rangi ya nyasi kavu.

Mbuzi yangu sikuifanyia yote hayo, ni bapa la milimita 5, nililipanua mwisho kama ulimi, meno nikayakata kwa tupa jioni mbili. Siku ya kwanza mama alikuna nazi mbili, akasema meno ya pembeni yanakwaruza kifuu, nikayarudisha kwenye tupa. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma usiku mmoja, kwa hiyo kila akimaliza anaiosha, anaifuta, anaipitisha juu ya jiko mpaka iwe ya vuguvugu, anaipaka tui lililokaukia likawa mafuta, na mpaka sasa, mwezi wa tano anaitumia, haijashika kutu.