Kabla hujanunua mashine ya kuzima taa ya sevisi

Ukiingia Kiseka au Ndeeba, kwenye maduka ya vipuri vya magari Kampala, ukauliza mashine ya kuzima taa ya sevisi, utawekewa mkononi kidude kidogo cha buluu, na muuzaji atakuhakikishia kwamba kinashika magari yote yaliyotengenezwa kuanzia 1996. Ana ukweli wake, ila ukweli huo ni wa Marekani, na unahusu taa nyingine kabisa.

Wewe uliyenunua gari la kwanza, au uliyeanza juzi kujifunza kazi gereji, tuanze na taa hizo. Ile ya njano yenye umbo la injini huwaka kompyuta ya gari inapogundua hitilafu. Kompyuta huhifadhi msimbo, na mashine huusoma kupitia soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Huo ndio mfumo wa OBD-II. Marekani iliulazimisha kwa magari ya 1996 na kuendelea, Ulaya ikafuata na mfumo wake kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Shabaha ya sheria hizo ilikuwa moshi. Kwa hiyo kilichosanifiwa ili mashine yoyote ikisome ni mambo ya injini na moshi wake, basi.

Taa ya sevisi, ile ya spana, au maandishi yanayosema muda wa oili umefika, haina uhusiano na hitilafu yoyote. Ni kihesabu tu. Kinahesabu kilomita au siku tangu mara ya mwisho mtu alipokirudisha mwanzo, na mara nyingi kinakaa kwenye saa za dashibodi, zile za kasi na mafuta, si kwenye kompyuta ya injini. Hakuna sheria iliyowaambia watengenezaji wakifanye kwa namna moja, hivyo kila kampuni ina lugha yake. Ndiyo maana mtu anafunga kidude cha buluu, anafungua programu ya simu iitwayo Torque, anabonyeza kufuta, programu inamwambia imefuta, na spana bado inamwangalia. Kidude hakijaharibika. Kimefuta kile kinachojua kufuta.

Na kabla hatujaendelea, yule mama wa Kijapani anayesema neno refu kila unapowasha gari hadai sevisi. Anakuambia kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara za huko Japani. Nimeona watu wanalipia gari lipimwe kwa "kompyuta" kwa ajili yake. Tafuta kile kiboksi kidogo cha kadi chini ya dashibodi, mwambie fundi umeme akichomoe, yaishe.

Swali la kwanza, basi, si ununue mashine gani, bali kama gari lako linahitaji mashine hata kidogo. Magari mengi yanazimwa taa ya sevisi kwa vitufe vyake yenyewe. Toyota nyingi zenye taa hiyo: weka dashibodi ionyeshe Trip A (kihesabu cha safari), au ODO (jumla ya kilomita) kwa baadhi ya modeli, zima swichi, shikilia kitufe cha trip, washa swichi bila kuwasha injini huku bado umeshikilia, na usiachie mpaka vistari viishe na taa izimike. BMW za E90, toleo mojawapo la Series 3, zina kitufe kwenye saa zenyewe. Ukikishikilia unaingia kwenye orodha ya sevisi, unachagua kilichofanyika, unashikilia tena. Mercedes kadhaa zina menyu ya siri inayofunguliwa kwa vitufe vya usukani. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, tafuta kitabu cha modeli hiyohiyo iliyouzwa Uingereza au Australia, kwa sababu wao pia usukani uko kulia na maandishi utayasoma.

Golf na Passat za Volkswagen za miaka ya 2000 zina jambo la kujua. Ulaya ziliwekewa mpango wa muda mrefu unaoweza kufika kilomita 30,000 au miaka 2 kabla ya kudai oili. Ukizima kwa vitufe, nyingi zinarudi kwenye mpango wa kawaida wa kilomita 15,000 au mwaka 1. Fundi wa Ulaya analalamika juu ya hilo. Mimi nasema ni bahati yetu. Kwa vumbi la barabara za changarawe na foleni ya Kampala, ambapo injini inanguruma saa nzima gari limesogea kilomita chache, hakuna oili ya kuachwa kilomita 30,000. Hata 15,000 ni nyingi. Gereji nyingi hapa zinaandika 5,000 kwenye kile kikadi cha sevisi kinachoning'inizwa chini ya usukani, na mimi nafuata kikadi kuliko dashibodi. Ukizima taa bila kumwaga oili, umefuta kumbukumbu tu, oili ni ileile.

Vitufe vikishindikana, sasa tuzungumze mashine. Usianze na mashine. Anza na soketi yako.

Chukua tochi ya simu, inama, uitazame. Ukiiweka ule upande mpana uwe juu, safu ya juu ni pini 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Nafasi ya sita juu na nafasi ya sita chini, yaani pini ya 6 na ya 14, ni za CAN, njia ya mawasiliano ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari ya 2008 na ambayo Wajapani nao waliihamia. Ukiona chuma kwenye nafasi hizo mbili, dalili ni nzuri, mashine nyingi zitaongea na gari lako. Ukiona nafasi hizo tupu na chuma kwenye ya saba juu, una gari la njia ya zamani, na hapo ndipo pesa za watu hupotelea.

Nieleze kidogo, maana jambo hili linatuhusu sisi kuliko Mzungu yeyote. Gari lililotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani mwishoni mwa miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000 laweza kuwa na soketi ya pini 16 sawasawa na ya Mmarekani, halafu likawa haliongei OBD-II hata kidogo. Toyota nyingi za kipindi hicho zina lugha ya nyumbani. Nissan wana yao wanayoiita Consult. Subaru wana SSM. Kidude kinawaka taa kwa sababu pini ya 16 inakipa umeme wa betri, programu inazunguka na kuzunguka, halafu inasema haikuunganishwa. Muuzaji atasema simu yako ndiyo mbovu. Tangu 2018 sheria inazuia kuingiza Uganda gari lililofikisha miaka 15, kwa hiyo yanayoshuka sasa kutoka Mombasa ni ya CAN kwa sehemu kubwa. Lakini Premio, Spacio na Forester za kabla ya hapo bado zimejaa barabarani, na ndizo mgeni huanza nazo kwa sababu bei yake inafikika.

Ukiwa na Forester ya zamani, ipo programu ya bure iitwayo FreeSSM. Inataka kompyuta na kebo ya kawaida ya K-line (ndiyo ile njia ya zamani ya pini ya 7), ile inayouzwa kwa ajili ya Volkswagen. Toyota za zamani, programu kama Car Scanner zina mipangilio ya Toyota za Kijapani unayochagua kwa mkono badala ya kuiacha itafute yenyewe. Jaribu hiyo kabla ya kutupa kidude. Techstream, programu ya Toyota wenyewe, ni nzuri mno, ila nakala zinazotembea mtaani pamoja na kebo ya bei rahisi ni za wizi, na mara nyingi zinakuja na virusi. Usiiweke kwenye kompyuta unayofungulia akaunti ya benki.

Wenye magari ya Ulaya, msinunue mashine inayojisifu kwa magari yote. Nunua inayolijua gari lako. Kwa Volkswagen, Audi na Skoda kuna VCDS ya Ross-Tech na OBDeleven. Mashine za mkononi za Foxwell kama NT530 zinakuja na programu ya chapa moja unayoichagua, na ukitaka chapa ya pili unalipia. Kwa mwenye gari moja huo si upungufu. Autel na Launch wana mashine pana zinazoingia ABS, mifuko ya hewa na breki za umeme. Hizo zinamfaa kijana anayefungua gereji, si mtu mwenye BMW X5 moja nyumbani. Angalia sana gharama za kila mwaka. Baadhi ya vidude vya simu ni rahisi dukani, halafu programu inadai ada mwaka hadi mwaka, na ukizijumlisha ungekuwa umenunua Foxwell.

Kwenye vidude vya bei ya chini kuna feki zaidi ya halisi. Vingi vinajiita ELM327, jina la chipu iliyo ndani. Chipu ya asili ilitengenezwa na Elm Electronics wa Kanada, na kampuni hiyo haikuwahi kutoa toleo la 1.5. Ukiona 1.5 kwenye boksi, jua ni nakala. Cha kushangaza, nakala nyingi za 1.5 hufanya kazi kuliko zile zilizoandikwa 2.1, ambazo mara nyingi zimepunguzwa amri ndani na hukwama hasa kwenye magari yasiyo ya CAN. Mwenye iPhone asichukue kidude cha Bluetooth ya kawaida, hakitaunganika. Atafute cha Wi-Fi au cha Bluetooth LE. Kwa Android, nambari ya kuunganisha huwa 1234 au 0000. Bei ya kidude kama hicho haifiki ya galoni ya oili nzuri, kwa hiyo kukinunua kwa ajili ya kusoma taa ya injini ni sawa kabisa. Kukinunua kwa ajili ya taa ya sevisi, sawa tu kama umeshathibitisha kwamba kuna programu inayoifikia modeli yako.

Siku ya kuzima, betri iwe na nguvu. Swichi iwashwe, injini izimwe, redio na kipupwe vizimwe. Umeme ukishuka katikati ya kazi, baadhi ya kompyuta huachwa katika hali ya ajabu. Ukikuta taa ya injini nayo inawaka, andika misimbo au ipige picha kabla hujagusa kufuta, kwa sababu kufuta kunaondoa pia ile picha ya hali ya gari hitilafu ilipotokea, na fundi ataihitaji. BMW inahesabu sevisi kwa tarehe pia. Betri ikiwa ilichomolewa, tarehe ya gari inaweza kuwa imepotea, kwa hiyo isahihishe kwanza, la sivyo utazima leo na kesho inadai mafuta ya breki. Na ile alama ya pedi za breki haitakubali kuzimwa kama waya wa sensa umekwisha kukatika. Mtu ameweka pedi mpya akarudisha sensa ya zamani, halafu anahangaika na mashine. Badilisha sensa kwanza. Ukimaliza, chomoa kidude. Kikibaki kinanyonya betri kidogo kidogo, na kwa vile vingi havina ulinzi wa maana, yeyote aliye karibu mwenye simu anaweza kujaribu kujiunganisha.

Wakati unatazama soketi, fungua mlango wa dereva uangalie nguzo yake. Mara nyingi Mjapani aliacha stika ya oili pale, yenye kilomita na tarehe. Mwaka ukiandikwa kwa mtindo wao, Reiwa jumlisha 2018, Heisei jumlisha 1988. Reiwa 3 ni 2021. Stika ikisema oili ilimwagwa kwenye kilomita 96,000, na dashibodi leo inasoma 71,000, una mazungumzo marefu na aliyekuuzia, na taa ya sevisi si tatizo lako kubwa.

Kuhusu kununua kwenyewe: nenda na gari. Usinunue ukiwa umekuja na boda. Mwambie muuzaji, kwa heshima tu, "Mzee, tuifunge kwanza." Iunganishe, soma mzunguko wa injini na joto la maji vikibadilika mbele yako, kisha ingia kwenye menyu ya sevisi ya modeli yako na uone kama inafika kwenye saa za dashibodi au inaleta ujumbe wa kushindwa. Si lazima uzime chochote hapo. Ukifika mpaka kwenye ukurasa unaouliza kama una uhakika, lipa. Akikataa isifungwe kabla ya malipo, duka la pili liko hatua kumi.