Boti yako inaitwaje, na inatambulikaje?

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wenye boti zao binafsi, na wengine ambao ndio kwanza wanatafuta ya kununua.

Nina boti ya injini ya kutembelea. Rafiki yangu anasisitiza niandike M/Y mbele ya jina. Ni lazima?

Si lazima. M/Y ni boti ya starehe inayokwenda kwa injini, S/Y ni ya matanga, na M/V ni chombo chochote cha injini. Herufi hizo zinaeleza aina ya chombo tu, na kwa kawaida hazimo katika jina lililosajiliwa. Zikikupendeza, ziandike. Kwenye fomu, hata hivyo, jaza jina kama lilivyo kwenye cheti. Usijipachike HMS wala USS: hizo ni za manowari za Uingereza na Marekani, na boti yenye friji ya soda haitamtisha mtu.

Jina nililolipenda tayari lina mwenyewe. Nitafute jingine?

Inategemea unasajili wapi. Uingereza, kwa mfano, daftari lake kuu halikubali majina yanayogongana, lakini lile la vyombo vidogo vya chini ya mita 24 halina shida na hilo. Mimi ningetafuta jingine tu. Na kabla hujaita mchoraji, litamke mara tatu kwa sauti kubwa, maana siku ya dharura ndivyo utakavyolitamka redioni. Ukiona aibu, achana nalo.

Nanunua boti iliyotumika. Ina namba kwenye omo (sehemu ya mbele), namba ya redio na namba nyingine imechongwa nyuma. Niamini ipi?

Anza na iliyochongwa. Namba ya omo hutolewa na mamlaka ya usajili na inaweza kubadilika chombo kikihamia kwingine. Ya redio nayo hubadilika na bendera. Iliyochongwa ni namba ya bodi, yaani ya kiwiliwili cha boti: huwekwa na kiwanda na haibadiliki hata boti ikiuzwa mara kumi. Marekani imeidai kwa boti zilizotengenezwa kuanzia Novemba 1972. Kwao ina tarakimu na herufi 12. Ya Ulaya ina 14, kwa sababu hutanguliwa na herufi 2 za nchi.

Itafute kwenye ubao wa tezi, yaani nyuma ya boti, kona ya juu upande wa kulia ukiwa umeelekea mbele. Tuseme umekuta ABC45678D313. Herufi 3 za mwanzo ni za mtengenezaji, 45678 ni ya mfululizo, D ni mwezi wa Aprili, 3 ni mwaka 2013, na 13 ya mwisho ni mwaka wa toleo. Muuzaji akikuambia boti ni ya 2018, mpe mkono wa kwaheri.

Kisha pitisha kidole juu yake. Ukihisi rangi imepanda kuliko sehemu nyingine, au gundi ngumu imejaza mikwaruzo, au kibati kina misumari mipya kwenye bodi kuukuu, uliza maswali. Boti za Marekani za kuanzia Agosti 1984 zina namba hiyo hiyo mahali pa pili palipofichwa. Fundi anayezijua anaweza kukuonyesha. Zote mbili lazima zilingane, na zilingane na cheti. Zisipolingana, usitoe hata malipo ya awali.

Redio ilikuja na boti. Kuna cha kubadilisha?

Kipo, na usikiahirishe. Redio yenye kitufe chekundu cha dharura hutuma yenyewe namba ya MMSI, yaani ile namba ya redio inayotambulisha chombo, yenye tarakimu 9. Waokoaji huitafuta namba hiyo kwenye kumbukumbu, na kama bado ina jina la mmiliki wa zamani, watampigia yeye huku wewe unazama. Redio nyingi hazikuruhusu kuibadilisha mwenyewe. Mpelekee fundi wake. Tarakimu 3 za mwanzo ni za nchi: 634 ni Kenya, 674 na 677 ni Tanzania.

Ukiita kwa mdomo, nenda chaneli 16. Sema Mayday mara tatu, jina la boti mara tatu, kisha herufi zako za wito na MMSI, mahali ulipo, tatizo, na idadi ya watu. Taja pia urefu na rangi. Rubani wa helikopta hasomi maandishi ya kwenye tezi. Anatafuta boti nyeupe yenye mstari wa buluu.

Nina uraia wa nchi mbili. Naweza kupeperusha bendera zote?

Hapana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unataka chombo kiwe chini ya bendera ya nchi moja, na kinachobadilisha bendera kwa kadiri inavyokifaa kinaweza kuhesabiwa hakina utaifa. Bendera ndogo ya nchi mwenyeji unayoipandisha mlingotini ni ya heshima tu. Haihusiani na usajili.

Na kile kiboti cha kutufikisha ufukweni kiitwe nini?

Kiandike T/T (kifupi cha Kiingereza “tender to”, yaani kiboti cha), kisha jina la boti kubwa. Kikikatika kamba na kuokotwa, aliyekiokota atajua pa kukirudisha.