Kilo 70: enzi ipi ilikuwa na wapiganaji wengi wakali?

Habari ndugu. Umeuliza kama uzito wa kilo 70 kwenye ngumi na mateke ulikuwa na wakali wengi zaidi enzi za K-1 MAX (mashindano ya Japani ya uzito huo) au sasa, na umekwama kwa sababu kila ukilinganisha mabingwa unarudi palepale.

Achana na mabingwa kwanza. Mimi huchukua daftari, naandika majina manane, yaani wanaoingia robo fainali, kisha nachora mshale kutoka kwa mshindi kwenda kwa aliyeshindwa. Fanya hivyo kwa fainali za MAX: 2003 Masato alimpiga Kraus, 2004 Buakaw akampiga Masato, 2005 Souwer akampiga Buakaw, 2006 Buakaw akalipiza, 2007 Souwer akampiga Masato. Mishale inazunguka! Kuanzia 2002 hadi 2008 mashindano yalikuwa saba na mabingwa wanne tu, lakini hakuna aliyekaa salama. Tena hadi 2007 robo fainali, nusu na fainali zilipigwa usiku mmoja, kwa hiyo angalia pia nani alifika fainali akiwa tayari amechoka.

Kwa enzi ya sasa shida ni kwamba wakali wametawanyika kati ya waandaaji tofauti, Glory, ONE na K-1, kwa hiyo mishale inakatika. Pale inapounganika, tazama: Oktoba 2021 Superbon alimlaza Petrosyan kwa teke moja la kichwa, na Januari 2023 Allazov akamzima Superbon raundi ya pili.

Kwangu mimi, sasa vipaji ni vingi zaidi, ila MAX iliwakutanisha. Ukilinganisha, anza na mtu wa nane kwenye orodha yako, si wa kwanza.