Kutafuta kura za wanaume: anzeni na bili zao

Chama kikiona kura za wanaume zinapungua, mara nyingi hukimbilia kaulimbiu mpya. Mgombea anapigwa picha amekunja mikono ya shati, ilani inabaki ileile. Hilo halimgusi mtu ambaye mshahara wake umechelewa miezi miwili.

Kwanza wagawanyeni kwa umri na kazi, kwani dereva wa miaka 24 anayelipwa kwa siku hana shida moja na mwalimu wa miaka 50 mwenye mkopo. Kwa kila kundi, kaeni na wanaume sita hadi wanane kwa dakika 90. Mgombea asiwepo, maana akiwepo watamsifu tu. Msiulize wanataka nini. Ulizeni: "Mwezi uliopita, ni bili gani iliyokushinda?" Majibu ya hapo ndiyo ya kuandikia sera: malipo ya kwa wakati, fidia ya ajali kazini, vyeti kwa mafundi waliojifunzia kazini, likizo ya uzazi kwa baba.

Kampeni ya nyumba kwa nyumba ikifanyika saa nne asubuhi, wengi wao hamtawakuta. Nendeni jioni, au simameni getini zamu zinapobadilishana, na anayezungumza awe mtu wa kazi hiyohiyo. Aandike shida aliyoambiwa na arudi na jibu ndani ya siku saba. Hapa ndipo kampeni nyingi hufa: daftari limejaa, hakuna anayerudi.

Jihadharini na kura inayopatikana kwa kuwasema vibaya wanawake. Korea Kusini mwaka 2022, mgombea urais Yoon Suk-yeol aliahidi kuifuta wizara ya usawa wa jinsia. Kura za maoni zilizochukuliwa nje ya vituo zilionyesha wanaume wengi wa miaka ya ishirini wamemchagua, huku wanawake wengi wa rika hilo wakimpa mpinzani wake. Yoon alishinda kwa tofauti isiyofika asilimia 1. Sisi tusingekishauri chama chochote kucheza hesabu hiyo. Wavulana wanaoacha shule na vifo vya kazini vinawauma mama na wake pia.

Tena, kukubali sera si kupiga kura. Nchini Marekani, tangu 1980, wanawake wamejitokeza kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume katika kila uchaguzi wa rais. Kwa hiyo muulizeni kila aliyekubali: utapiga kabla ya zamu au baada? Utafikaje kituoni? Mkumbusheni usiku wa kuamkia uchaguzi, mkimtajia saa aliyoisema mwenyewe.