Kwa wadogo zangu wa field mnaochora gridi

Kila kundi la field likija hapa Dodoma nawapa kazi ileile: chora gridi kwenye kanvasi, yaani tagi ya canvas ya HTML inayochorwa kwa JavaScript. Makosa nayo ni yaleyale, utadhani mmerithishana. Someni hapa kwanza, ndipo mniite.

1. Upana na urefu viandikwe kwenye tagi yenyewe. Bila hivyo kivinjari kinatoa 300 kwa 150, na CSS itaivuta picha mpaka ipoteze sura.

2. Mstari wa pikseli 1 umetoka mnene na umefifia? Umeuchora kwenye namba kamili, ukalalia pikseli mbili. Ongeza 0.5. Rangi haina kosa, iacheni.

3. Safu mlalo na safu wima. Hapa ndipo mnaponimaliza. Wote mnaanza na ubao wa drafti, 8 kwa 8, unatoka safi, mnarusha stetasi. Kisha nasema: haya, viti vya basi la Dar, safu 12, kila safu viti 4. Basi linalala ubavu! Binti mmoja, kichwa kweli kweli, alihangaika nalo asubuhi nzima. Viti vilikatika upande wa kulia, chini kweupe. Akapunguza kiti kutoka pikseli 40 hadi 16, vikaenea, akaona kapona. Kubofya kiti kimoja, kikageuka rangi kingine. Nikafungua kodi: viti[r][c] sawa (r ni namba ya safu mlalo, c ya safu wima), lakini chini yake, kwenye amri ya kuchora kisanduku, fillRect(r * 16, c * 16, 14, 14). Jamani! Data inaanza na r, kanvasi inaanza na x, yaani kwenda kulia, na x ni c. Ubao wa drafti hauwezi kuwaonya, maana rangi inatokana na (r + c) % 2, na ukizigeuza r na c jibu ni lilelile. Kwa hiyo jaribuni na 5 kwa 3 tangu mwanzo, msingoje basi.

4. beginPath, amri ya kuanza njia mpya, iwe kabla ya kila mstari mpya, la sivyo stroke, amri ya kupaka mstari, inarudia mistari yote ya nyuma, na rangi mpya inaipaka ya zamani.

5. Aliyesimika nguzo za shamba la zabibu anajua: nafasi 4, nguzo 5. Lupu ya mistari iwe <=, si <.

6. Kwenye kubofya, chukueni clientX na clientY za kipanya, mpunguze kwanza left na top za getBoundingClientRect (inayosema kanvasi ilipo kwenye dirisha), ndipo mgawanye kwa ukubwa wa kiti. Ukikwama baada ya hapo, njoo na laptopu yako tuangalie wote.