López Obrador wa Mexico: mambo ya majaji hayakuanza 2024

Mleta mada umeuliza kama Andrés Manuel López Obrador, aliyekuwa rais wa Mexico hadi Septemba 2024, ni mkombozi wa wanyonge au ni dikteta aliyewavaa wanyonge kama koti. Waliotangulia kuchangia wameshagawana timu, na wengi mmeishia kwenye ile sheria yake ya mwisho, ya majaji kuchaguliwa kwa kura. Mimi nilikaa Mexico City kuanzia 2004 hadi 2008 kwa masomo, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane mtaa wa Portales, na mpaka leo nawasiliana na familia ile. Naomba niwarudishe nyuma, kwa sababu ugomvi wake na majaji ulianza 2005, na nilikuwepo.

Mama mwenye nyumba alikuwa na miaka 73. López Obrador alikuwa mkuu wa serikali ya jiji tangu 2000, tuseme meya, na alikuwa ameanzisha pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 kwenda juu, awe aliwahi kuajiriwa au la. Pesa yenyewe haikufika dola 100 kwa mwezi, na ilikuja kwenye kadi ya kununulia mahitaji. Siku ya kwanza nilipomsindikiza supamaketi nilitoa pochi nimlipie, kwa adabu tulizolelewa nazo. Alinishika mkono. "Hapana mwanangu, hii ni yangu." Alifua nguo za watu miaka arobaini bila hata karatasi ya mkataba. Ukitaka kujua kwa nini mtu huyu alipigiwa kura, anzia hapo.

Mama alimwita López Obrador el Peje, kama nusu ya jiji. Ni kifupi cha pejelagarto, samaki wa mito ya Tabasco mwenye mdomo mrefu kama wa mamba. López Obrador ni wa huko, amezaliwa Macuspana 1953. Alilelewa kisiasa ndani ya PRI, chama dola kilichoshika nchi kwa miaka 71, akakihama 1988, akagombea ugavana wa Tabasco mara mbili na kuangushwa mara mbili. Mwaka 1995 watu wake walishusha katika uwanja mkuu wa Mexico City maboksi ya stakabadhi, kuonyesha kwamba mshindi alitumia pesa za kampeni kupita kabisa kiwango cha sheria. Mwaka uliofuata alifunga njia za visima vya mafuta, polisi wakampasua kichwa, na picha ya shati lake lenye damu ikasambaa nchi nzima. Kwa hiyo alipofika mjini alishajifunza kwamba boksi la kura linaweza kukuibia na barabara inaweza kukurudishia.

Sasa 2005. Wapinzani wake walikuwa wamejaribu kashfa mwaka mmoja kabla. Televisheni ilimwonyesha aliyewahi kuwa katibu wake akipokea mabunda ya dola na kuyashindilia kwenye mkoba, akasomba mpaka raba bendi zilizofungia zile noti. Taifa lilicheka wiki nzima, lakini tope halikumfikia bosi. Ndipo likaibuka shauri la kipande cha ardhi kiitwacho El Encino: jiji lilidaiwa kuendelea kujenga barabara ya kwenda hospitali wakati mahakama imesimamisha. Kwa kosa hilo Bunge lilimvua kinga ya kutoshtakiwa Aprili 7. Wakati ule mwenye kesi ya jinai hakuweza kugombea, na huyu alikuwa anaongoza kura za maoni za urais wa 2006. Hata mwuza tamale pale kona aliijua hesabu hiyo.

Aprili 24 watu walijaa barabarani kwa maandamano ya kimya. Makadirio ya waandaaji yalipita milioni moja; mimi nasema tu kwamba sikuona mwisho wake. Nilikwenda kwa sababu mama alihitaji mkono wa kushika. Nilitembea pembeni pembeni kama mpita njia, maana ibara ya 33 ya Katiba yao inakataza mgeni kujiingiza katika siasa na inaruhusu kumfukuza. Umati ule wote bila kelele, mnasikia viatu tu. Siku chache baadaye Rais Vicente Fox akarudi nyuma, mwanasheria mkuu akajiuzulu, shauri likafa.

Mwaka uliofuata López Obrador akashindwa urais na Felipe Calderón wa chama cha Fox kwa chini ya asilimia 1, kura kama 240,000 katika zaidi ya milioni 41. Hapa timu yake hawanipendi ninaposema hivi: sijawahi kuona ushahidi unaotosha kwamba aliibiwa. Alijiharibia mwenyewe. Alisusa mdahalo wa kwanza, na jukwaani akamwambia Rais Fox anyamaze, akimwita chachalaca, ndege wa porini mwenye makelele. Lakini timu nyingine nao wakubali la kwao. Mahakama ya uchaguzi yenyewe iliandika kwamba Fox alijiingiza kwenye kampeni kiasi cha kuhatarisha uhalali wa uchaguzi, kisha ikaupitisha. López Obrador alitaka kura zihesabiwe upya zote, kituo kwa kituo. Majaji wakaruhusu sehemu ndogo tu.

Akapiga kambi. Kuanzia mwisho wa Julai hadi katikati ya Septemba barabara ya Paseo de la Reforma, fahari ya jiji, ilikuwa mahema. Nilipita humo karibu kila siku. Wazee wanacheza sataranji, akina mama wanapika maharage kwenye masufuria ya harusini. Kulikuwa na raha fulani, sikatai. Ila kijana wa pili wa mama mwenye nyumba alikuwa mhudumu wa hoteli moja barabara hiyo hiyo. Wageni walikauka, bakshishi zikakauka, Septemba hawakumwongezea mkataba. Nyumbani kukawa na meza mbili: mama anakula jikoni na redio ya Peje, kijana anakula chumbani na hasira zake. Kipindi hicho ndipo Peje alipotamka hadharani kwamba taasisi zao ziende kwa shetani. Novemba akajiapisha "rais halali". Niliona aibu kwa niaba yake, niseme kweli.

Wengi tulidhani amekwisha. Akaanza kuzunguka nchi wilaya kwa wilaya, akashindwa tena 2012, akaunda chama chake Morena, na 2018 akashinda kwa zaidi ya asilimia 53. Yule kijana wa hoteli alimpigia kura! Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwamba amechoka na wezi wenye suti nzuri.

Urais wake mmeuchambua vya kutosha, nitapita haraka. Kima cha chini cha mshahara kilipanda kutoka pesos 88 kwa siku hadi karibu 249, na umaskini ulishuka. Hayo si propaganda.  Upande wa pili, waliouawa katika miaka yake sita walizidi 180,000, na aliyeahidi kurudisha askari kambini akawakabidhi bandari, forodha na reli. Korona aliichezea, akionyesha hirizi mbele ya kamera. Januari 2021 yule kijana alipanga foleni usiku kucha kujaza mtungi wa oksijeni wa mama yake. Mama alizikwa mwezi huo huo.

Kwa historia ile ya 2005 na 2006, López Obrador alipobadilisha Katiba mwezi wa mwisho wa utawala wake ili majaji wapigiwe kura, mimi sikushangaa. Mtu ambaye sheria ilitumika kumzuia asigombee, kisha majaji wakamkatalia hesabu, akaokolewa na barabara, amekaa na fundo hilo miaka karibu ishirini. Kumwelewa si kumtetea. Naiona sheria ile ni mbaya, kwa sababu jaji anayeomba kura atamwogopa mwenye kura nyingi, na leo mwenye kura nyingi ni Morena.

Uchaguzi wenyewe ulifanyika Juni 1, 2025, na waliojitokeza ni kama asilimia 13. Kijana wetu, sasa mtu mzima mwenye mvi, alikwenda. Alinisimulia kwa simu: karatasi tisa za rangi tofauti, majina msururu. Alisimama kibandani akitafuta jina analolijua. Akapata moja, na alilijua kwa kuwa lilikuwa kwenye kikaratasi alichogawiwa mtaani siku mbili kabla.