Wenzangu mnaojiandaa kwa mtihani wa NP Marekani

Wengi wenu mlikuja Marekani mkiwa wauguzi wenye uzoefu, mkapita NCLEX (mtihani wa leseni ya uuguzi), mkafanya kazi wodini. Sasa mnamaliza shahada ya uzamili, na kilichobaki ni mtihani wa kuwa NP (nurse practitioner) wa afya ya familia, yaani muuguzi anayepima, kutibu na kuandika dawa. Kabla hamjanunua kitabu kingine cha maswali, jueni kwamba mazoea mazuri ya wodini yanaweza kuwagharimu hapa. Wodini ukiona hali ya mgonjwa imebadilika, unampigia daktari. Kwenye mtihani huu, jibu la kumwarifu daktari mara nyingi si sahihi, kwa kuwa mwenye kuamua ni wewe.

Chukueni lisinoprili. Kila mtu anajua inateremsha presha. Mtihani unauliza mengine. Mgonjwa anayeitumia ana kikohozi kikavu kisichoisha: unambadilishia dawa, mathalani losatani. Mwingine midomo na ulimi vimevimba: hiyo ni dharura, njia ya hewa kwanza, na dawa za kundi hilo hapewi tena maishani. Wa tatu ni mama kijana aliyekosa hedhi: mpime mimba, na akiwa mjamzito umtoe kwenye dawa hiyo umpe inayofaa, kama labetaloli au nifedipini. Dawa ni ile ile, maamuzi ni matatu. Someni metformini, dawa ya kisukari, vivyo hivyo: haitoshi kukariri kwamba haitumiki eGFR (kipimo cha utendaji wa figo) ikishuka chini ya 30. Jiulizeni mnampa nini badala yake, na mnampima nini akirudi.

Bodi zinazotoa mtihani huu ziko mbili, AANPCB na ANCC, nawe unachagua. AANPCB hujikita zaidi kwenye tiba yenyewe, na alama ya kupita ni 500 kwenye kipimo cha 200 hadi 800. ANCC huongeza maadili, sheria, utafiti na sera, na kupita ni 350 kati ya 500. Zote huchanganya maswali ya majaribio yasiyohesabiwa, kwa hiyo likija swali la ajabu, jibu uendelee.

Maadili ndiyo yanayotusumbua sisi tuliokulia Afrika Mashariki, na si kwa kukosa utu. Kwetu habari ya saratani huenda kwanza kwa mtoto mkubwa wa kiume, naye akasema, "Tafadhali usimwambie mama, atakata tamaa." Kwenye mtihani, ukinyamaza umekosea, na ukimmwagia mama habari zote bila kumuuliza, umekosea pia. Jibu ni kumuuliza mama mwenyewe: ungependa kujua kiasi gani, na nani aelezwe? Akisema, "Mwambieni mwanangu, yeye ataamua," huo nao ni uamuzi wake, mradi akili yake ina uwezo wa kuamua. Binafsi naona utaratibu huu unamheshimu mzee kuliko ule tuliouzoea.

Mtoto mdogo asitumike kama mkalimani, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mwingine. Na nyinyi wenyewe, hata kama mnazungumza Kiswahili, mama aliyetoka Bukavu ana Kiswahili chake. Anapotakiwa kutoa ridhaa ya upasuaji, mwiteni mkalimani aliyefunzwa.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukishuku mtoto anadhulumiwa, unaripoti mwenyewe, bila kusubiri ushahidi wala kumwachia msimamizi. Mtu mzima mwenye akili timamu anayepigwa na mwenzi wake ni habari nyingine: sheria hutofautiana jimbo hadi jimbo, lakini kwa kawaida unamsikiliza faraghani, unapima hatari iliyopo, na kupanga naye usalama wake. Uamuzi wa kuondoka ni wake.

Halafu kuna mtihani usio na karatasi, utakaoanza siku leseni itakapotoka. Kanisani, msikitini, kwenye mchango wa msiba, utaambiwa, "Dada, niandikie tu amoksilini, koo linauma." Anayeomba ni mtu uliyekula kwake ulipofika huku huna kitu. Kumwandikia bila kumpima na bila faili kunamhatarisha yeye na leseni yako. Mjibu kwa upole, "Njoo kliniki Jumatatu nikuangalie vizuri, nipime hilo koo." Na kama hana bima, msaidie kutafuta kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato, umpigie simu mwenyewe umwelekeze.